Taa ya baiskeli imulike barabara, si macho ya watu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu, dereva wa lori, aliyeandika wiki mbili zilizopita akitaka baiskeli zipigwe marufuku kwenye barabara kuu kuanzia saa kumi na mbili jioni kwa sababu hazionekani. Barua yake nimeisoma mara tatu. Sina ugomvi naye. Mengi aliyoyasema ni kweli, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa hao wasioonekana. Lakini dawa aliyoipendekeza itatuua njaa, wakati dawa ya ugonjwa wenyewe ipo na bei yake haimshindi mtu anayemiliki baiskeli. Ni taa ya mbele iliyo nzuri, tena iliyofungwa inavyotakiwa. Hilo la kufungwa inavyotakiwa ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana siku hizi wenye taa wapo, ila wanamulika mbingu.

Mimi kazi yangu ni kupeleka maziwa. Nakaa Pongwe, nje kidogo ya jiji la Tanga. Wafugaji ninaochukua kwao ni watatu, na wanakamua saa kumi alfajiri. Saa kumi na moja kasorobo niko barabarani na madumu mawili ya lita ishirini, moja kila upande wa keria, naelekea Ngamiani. Wenye migahawa kule wanataka maziwa yawe jikoni kabla sufuria ya kwanza ya chai haijapanda jikoni. Maziwa ya jioni nayo nayafikisha mjini jua likizama, halafu narudi nyumbani saa mbili usiku, madumu matupu yanagongana nyuma yangu. Safari nne kwa siku, mbili ni za giza. Kuniambia nisiendeshe gizani ni sawa na kuwaambia ng'ombe wasubiri jua.

Barabara yangu ni hii ya kwenda Segera. Yapo malori ya saruji, yapo mabasi ya mikoani, daladala, bodaboda, watoto wa madrasa, na baiskeli nyingi kuliko vyote, kwa sababu Tanga tumezaliwa juu ya baiskeli. Sehemu kubwa ya njia haina taa za barabarani.

Ilikuwa Mei mwaka jana, masika haijakatika. Nilikuwa na tochi ndogo niliyoifunga kwenye usukani kwa kipande cha tyubu. Kila baiskeli iliporuka shimo, tochi ilipanda kidogo. Mvua ilikuwa inapiga, nikaona uvivu kusimama kuirekebisha. Mpaka nakaribia daraja, ilikuwa inamulika matawi ya miembe. Picha ile haijanitoka: matone ya mvua yanang'aa juu ya kichwa changu kama shanga, na kuanzia kifuani kwenda chini, giza tupu. Mbele yangu alikuwa anakuja mzee mmoja na gunia la mkaa, hana taa kabisa, amehama upande wake kukwepa dimbwi. Tulikutana ringi kwa ringi. Mzee alipoteza meno mawili. Mimi nilivunjika mtulinga wa kushoto, na kwa wiki sita sikuweza kuinua hata birika.

Ndugu dereva, naomba ulitazame jambo hilo vizuri. Hakuna gari lililotugusa. Hata kama barabara ile ingekuwa haina gari hata moja usiku ule, mimi na mzee tungeumizana vilevile. Siku hizi tukikutana namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, lakini macho yake huanzia kwenye taa yangu kabla hayajafika usoni kwangu. Simlaumu.

Wengi hudhani taa ya mbele ni ya kuonea mashimo tu, na kwamba mwenye baiskeli hugongwa kwa nyuma. Taa ya nyuma ni lazima, sibishani, nayo ina barua yake. Lakini mimi ninachokiogopa zaidi ni kile kinachonijia usoni. Lori linapanda polepole, nyuma yake kuna basi limechelewa. Dereva wa basi anachungulia upande wa kulia aovateki. Anatazama mbele, haoni taa, basi kwake pale hapana kitu. Anatoka. Na pale alipoona hapana kitu nipo mimi, upande wangu halali wa kushoto, na lita arobaini za maziwa. Kabla sijawa na taa ya maana, niliingia majanini mara nne kwa sababu ya mchezo huo. Tangu nimepata taa, imetokea mara moja.

Nilipopona nilifanya kosa la pili, na hili naona wenzangu wengi wanalifanya kila siku. Nilinunua taa kwa kusoma boksi. Iliandikwa lumeni 20,000, yaani kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa. Ilikuja na betri mbili za mviringo zilizoandikwa 9,900 mAh kila moja, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inabeba. Nikatoa shilingi elfu thelathini na tano, pesa ya kuuza maziwa siku kadhaa. Usiku wa kwanza nilifurahi kama mtoto. Niliona mpaka minazi ya ng'ambo. Baada ya dakika arobaini ikaanza kufifia, nikamaliza njia natembea, naikokota baiskeli.

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi wangu wa baiskeli, Ngamiani. Fundi huyu ni mtu wa maneno machache. Alizitoa zile betri, akavuka barabara mpaka duka la viungo, akaziweka moja moja kwenye mzani wa kupimia zafarani na iliki. Gramu 27. Akarudi na betri nyingine aliyoitoa kwenye kompyuta mpakato mbovu, akaipima: gramu 45. Hakuniambia kitu, aliniachia nitazame mwenyewe ule mshale.

Betri hizo huitwa 18650 kwa kuwa kipenyo chake ni milimita 18 na urefu milimita 65. Betri halisi ya ukubwa huo, hata iwe bora namna gani, hubeba 3,500 mAh hivi. Anayekuandikia 9,900 anakuandikia tamaa yako mwenyewe. Na betri halisi ina uzito. Iliyo nyepesi kama ganda la yai ndani yake hamna kitu cha maana. Mzani wa duka la viungo haudanganyi, na mwenye duka hatakutoza kwa kupima.

Zile lumeni 20,000 nazo tulizipigia hesabu nyuma ya risiti. Taa nzuri ya LED hutoa lumeni 100 mpaka 150 kwa kila wati moja ya umeme. Kwa hiyo lumeni 20,000 zinataka wati 130 na zaidi. Betri mbili halisi, zikijaa kabisa, zina wati-saa 25 kwa pamoja, yaani umeme wa kuwasha taa ya wati 25 kwa saa moja. Zingekwisha kabla sijafikisha dakika kumi na mbili, na taa yenyewe, ile ya kushika kiganjani, ingeungua. Ukiona taa ndogo kama yai imeandikwa maelfu kwa maelfu, jua umesomewa hadithi.

Sasa mtu ataniuliza: kama namba ya boksi ni uongo, nichague kwa kutazama kitu gani? Nami nasema, chagua kwa kutazama mwanga unaangukia wapi. Lumeni ni maziwa yote yaliyomo kwenye dumu. Luksi ni yale yaliyoingia kwenye kikombe hiki kilicho mbele yako. Unaweza kuwa na dumu limejaa ukamwaga nusu ardhini, na tochi nyingi ndivyo zinavyofanya, zinamwaga mwanga kwenye miti na kwenye macho ya watu. Mwezi mpevu wa tarehe kumi na nne, ule unaotuwezesha kutembea shambani bila taa, hutoa robo ya luksi hivi. Wajerumani, ambao sheria yao ya taa za baiskeli ni kali sana, kwa miaka mingi waliitaka taa ya mbele itoe luksi 10 penye mwanga mkali zaidi, umbali wa mita 10. Hiyo tayari ni mara arobaini ya mbalamwezi. Kwa mwendo wa mtu aliyebeba mzigo, lumeni 200 au 300 za kweli, zikishuka barabarani zote, zinatosha na chenji inabaki.

Nimewataja Wajerumani kwa sababu taa ninayotumia leo ilitoka kwao, na haikuniletea mtu kwa ndege. Ilikuwa kwenye kapu la fundi. Mnajua baiskeli za mtumba zinazoshushwa kwenye makontena kutoka Ulaya na Japani. Wengi wakizinunua kitu cha kwanza ni kung'oa taa na madigadi ili ikae kimichezo. Fundi hukusanya zile taa. Siku ile akachimbua kapu, akatoa moja nyeusi, ndogo kuliko ngumi, ina alama ya kimstari cha mawimbi, kisha herufi K na namba. Nikaipiga picha nikamtumia mpwa wangu aliyeko Bremen, Ujerumani, kwa masomo. Akanijibu: "Anko, hiyo usiiache, hiyo ndiyo alama ya kuruhusiwa barabarani huku." Akaniambia kwao mpaka 2013 sheria ilikuwa inalazimisha baiskeli za kawaida ziwe na dainamo, kile kifaa kinachotoa umeme kwa kuzungushwa na ringi, ndiyo maana taa hizo ni nyingi kwenye mitumba, na kwamba taa ya mbele ya kumetameta hairuhusiwi kabisa.

Fundi akafunga karakana nusu, akaiwasha ukutani. Hapo ndipo nilipoelewa. Tochi yangu ya lumeni elfu ishirini ilichora duara, katikati jeupe la kuumiza macho, pembeni kivuli. Taa ya kapuni ilichora kitu kama kipande cha mkate wa boflo: chini umejaa na umetandazwa, juu ukingo umenyooka kama umekatwa kwa kisu. Juu ya ule ukingo, giza. Maana yake mwanga wote unabaki barabarani, na anayekuja mbele yako haumpati machoni. Ni kama taa fupi za gari. Gari linakatwa mwanga kwa sheria; kwa nini baiskeli imwage ovyo?

Taa hiyo inatumia dainamo, na hapa naomba niseme kidogo juu ya dainamo, kwa kuwa vijana wanaidharau na mimi nimeirudia kwa moyo wote. Marehemu baba yangu alikuwa mfanyakazi wa shamba la mkonge. Usiku tulimsikia kabla hatujamwona. Dainamo ilikuwa inanguruma kwenye ubavu wa tairi, sauti inapanda akikaza mwendo, inashuka akichoka, na sisi watoto tulijua kwa sauti ile tu kama amefika kwenye mwembe au bado. Ilikuwa ya volti 6 na wati 3, kama karibu dainamo zote za zamani: wati 2.4 za globu ya mbele na 0.6 za globu ya nyuma. Ikiungua ya nyuma, ya mbele hubeba umeme wote nayo haichukui muda kufa. Ukienda polepole mwanga unafifia, ukisimama unazimika. Mvua ikinyesha, kile kigurudumu kinateleza juu ya tairi. Baba alikuwa anakivisha utepe wa tyubu uliokatwa kwa wembe, kikashika.

Kilichobadilika ni taa. Taa ya LED iliyotengenezwa kwa ajili ya dainamo inawaka hata kwa mwendo wa kusukuma, na ile yangu ina akiba ndani, nikisimama inaendelea kuwaka kwa dakika kadhaa. Kwa dereva wa basi mimi bado nipo, hata kama nimesimama kufunga kamba ya dumu. Haitaki chaja. Umeme ukikatika Pongwe siku mbili, mimi taa ninayo. Uzito wake miguuni upo, nausikia, ni kama barabara imeinuka kidogo. Naukubali.

Wengi wanaoniambia "dainamo imekufa" haijafa. Dainamo ya kawaida ina waya mmoja tu. Njia ya kurudi ya umeme ni chuma cha baiskeli yenyewe. Ukipaka rangi mpya, au kutu ikiingia pale inapofungwa, njia imekatika. Kwangu ilikataa kuwaka kabisa. Fundi akachukua msasa, akakwangua rangi kwenye uma unaoshika ringi ya mbele, sehemu ndogo kama ukucha, chuma kikang'aa, akakaza skrubu yenye ncha ikauma pale pale. Ikawaka. Akanionyesha na kitu kingine: dainamo ikae kiasi kwamba ukivuta mstari kupitia katikati yake, mstari ule uende mpaka kwenye ekseli ya ringi. Ikikaa upande inakula tairi na kupiga kelele.

Asiyepata dainamo anunue taa ya kuchaji, si vibaya, ila asiinunue mchana kaunta. Arudi jioni. Amwombe muuzaji aiwashe ukutani. Aziogope tochi za kuvuta, zile zinazokusanya mwanga ukawa kijipande cha mraba. Hukuonyesha jani moja umbali wa mita mia na kukuficha shimo lililo mbele ya ringi. Aulize inakaa saa ngapi kwenye mwanga wa kati, halafu nyumbani aiwashe na saa ya ukutani mbele yake kabla hajaiamini njiani. Kama imeandikwa IPX4, maana yake imejengwa kustahimili maji ya kurushwa kutoka kila upande, na kwa masika yetu hicho ndicho kiwango cha chini ninachokikubali.

Iko ile tochi ya kichwani ambayo wavuvi na vijana wanaipenda. Kwa kutengeneza pancha usiku hakuna kama hiyo. Kwa kuendeshea, hapana, na sababu nimeiona kwa macho. Mwanga ukitoka karibu na macho yako, shimo halina kivuli. Barabara yote inaonekana tambarare kama shuka. Mwanga ukitoka chini, kwenye usukani au kwenye kichwa cha uma, kila shimo linaota ukingo mweusi na unalijua kabla hujalifikia. Tena mwenye tochi ya kichwani akigeuka kukusalimia, amekupofusha.

Kuhusu kuinamisha. Kanuni niliyofundishwa ni nyepesi, nayo ilikuwa kwenye sheria ya Wajerumani kwa miaka mingi. Simamisha baiskeli mita 5 kutoka ukutani, yaani hatua tano ndefu za mtu mzima. Pima taa yako iko juu kiasi gani kutoka ardhini. Katikati ya mwanga ukutani iwe nusu ya kimo hicho. Taa yangu iko sentimita 80. Ukutani mwanga unapiga sentimita 40. Kwa hesabu hiyo mwanga unagusa barabara mita 10 mbele yangu, na ule unaosambaa unafika mbali zaidi. Nikiwa na mzigo naenda kilomita 15 kwa saa, yaani mita 4 na kidogo kila sekunde. Breki zangu ni za fimbo, kwenye mvua zinashika kwa hiari yake. Mita 10 ninazihitaji zote.

Ukishaipata pale, ifunge isihame. Chini ya kamba ya taa weka kipande cha tyubu, upande wa mpira mkavu, ndipo ukaze. Mimi nimechora alama ya rangi nyeupe, nusu kwenye taa na nusu kwenye usukani. Zikiachana, najua imepanda, na nasimama. Hata mvua ikinyesha nasimama.

Mwanga wa kumetameta nimeuacha. Najua vijana wanasema unaonekana mbali, na mjini penye taa nyingi wana hoja. Lakini kwenye giza la njia ya Pongwe, katikati ya mmeto mmoja na mwingine mimi mwenyewe sioni shimo, na anayekuja mbele hawezi kukadiria niko mbali kiasi gani. Dereva mmoja wa daladala ninayemuuzia maziwa aliniambia alinifananisha na kimulimuli cha shambani. Anayetaka kuovateki anahitaji taa iliyotulia ili apime.

Sasa nirudi kwako, ndugu yangu dereva wa lori. Umeandika kwamba sisi hatuonekani. Mimi sasa naonekana. Naomba na wewe unionee huruma ya macho. Macho ya binadamu huchukua karibu nusu saa kulizoea giza sawasawa, na taa zako kali zinaifuta nusu saa hiyo kwa sekunde mbili. Ukinikuta, piga dimu kama unavyompigia mwenye gari. Wapo wanaonipunguzia, na kila mara nainua mkono kuwashukuru, ingawa najua gizani mkono hauonekani. Wengi hawanipunguzii, kwa kuwa wameona taa moja tu wakadhani ni kitu kidogo. Nimejifunza kutotazama taa zao, natazama ukingo wa lami upande wangu wa kushoto mpaka wapite. Lakini kwa muda huo naendesha kwa kukumbuka tu, na mbele yangu anaweza kuwapo mtoto wa madrasa.

Kwa wenye maduka ya baiskeli nina ombi moja. Baiskeli niliyonunua mpya miaka sita iliyopita ilikuja na kengele, pampu, na kifuniko cha siti chenye nyuzi za dhahabu. Taa haikuwapo. Mnunuzi akishalipa, akishapakia, harudi tena kununua taa, mimi ni shahidi kwa kuwa sikurudi kwa miaka mitano. Ifungeni pale pale dukani, muiongeze kwenye bei. Hakuna atakayeiacha baiskeli kwa ajili ya hiyo.

Na kwa wenzangu wa maziwa, samaki, mkaa, boflo na wanaotoka zamu za usiku: fundi wangu amekubali kuchora mistari miwili kwa chokaa kwenye ukuta wa karakana yake, mmoja sentimita 80 na wa pili sentimita 40, na mwingine sakafuni hatua tano nyuma. Yeyote apite na baiskeli yake baada ya magharibi, aisimamishe kwenye mstari wa sakafuni, awashe. Kuinamisha taa ni bure, spana ipo. Mzee wa mkaa alikuwa wa kwanza kuja. Taa yake tulimpa kutoka kapuni.

Mpeleka maziwa,
Pongwe, Tanga.